Kupe wa Sikio na Ugonjwa wa Ndigana

Mvua za masika zikinyesha, majani huota, maziwa huongezeka, na mwenye ng'ombe hufurahi. Lakini katika sehemu nyingi za Kenya zenye mvua ya kutosha, tangu Kiambu na Murang'a hata Kisii, Bungoma na Trans Mara, majira hayo hayo ndiyo ambayo ndigana kali huingia zizini. Ndama aliyekuwa akirukaruka jana huonekana leo amesimama peke yake, masikio yamelegea, hataki kunyonya. Siku chache baadaye povu humtoka puani, na kabla ya mwezi kwisha ngozi yake imeanikwa uani.

Mtu mwenye ng'ombe 40 wa kienyeji akifiwa na mmoja hupata hasara. Mtu mwenye ng'ombe mmoja tu wa gredi akifiwa naye, amepoteza kwa siku moja maziwa ya watoto, samadi ya shamba, na karo ya shule ya muhula ujao. Wafugaji wa namna hii ni wengi sana, hasa tangu mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kuwapa wakulima Waafrika nafasi ya kufuga ng'ombe wa kizungu katika mashamba yao. Ng'ombe hao hutoa maziwa mengi, lakini mbele ya ndigana ni dhaifu kuliko wale wa kienyeji waliozaliwa na kukulia penye kupe. Kwa hiyo ujuzi wa ugonjwa huu si kazi ya daktari wa mifugo peke yake. Ni kazi ya kila mwenye kamba ya ng'ombe mkononi.

Ndigana haitoki katika majani mabichi, wala katika maji ya mvua, wala kwa jicho la jirani. Huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, nacho hupitishwa na kupe mmoja mwenye rangi ya kahawia ambaye hupenda kukaa ndani ya sikio. Wamaasai, ambao wameujua ugonjwa huu tangu zamani, huuita oltikana. Wazungu waliuita homa ya pwani ya mashariki, na jina hilo lina sababu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, ng'ombe wa Rhodesia na Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha kuteketea kwa sotoka ya miaka ya 1896 na 1897. Ili kujaza mazizi yao upya, watu wa huko walinunua ng'ombe kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki na kuwashusha katika bandari ya Beira. Ng'ombe wale walikuwa wazima kwa kuwatazama, lakini walikuja na ndigana, na ng'ombe wa huko wasioizoea wakafa kwa maelfu. Mjerumani Robert Koch aliitwa kuja kuuchunguza ugonjwa huo mwaka 1903. Bwana Lounsbury wa Cape ndiye aliyeonyesha ni kupe yupi mwenye hatia, na Bwana Arnold Theiler wa Pretoria akakitenga kijidudu chenyewe na vijidudu vingine vya kupe, hata kikapewa jina la Theileria kwa heshima yake.

Afrika ya Kusini ilipigana na ugonjwa huo kwa muda wa miaka 50 hivi, kwa majosho ya lazima, kwa nyua za waya, na kwa kuwachinja ng'ombe wengi, mpaka ukakomeshwa huko katikati ya miaka ya 1950. Katika Kenya jambo kama hilo ni gumu. Malisho mengi hutumiwa na watu wengi pamoja, ng'ombe hutembea mbali kutafuta maji na soko, na nyati wa porini wana vijidudu hivyo katika damu yao bila kuugua. Basi mfugaji wa Kenya hana budi kuishi na ndigana jirani yake, huku akiizuia isipite mlangoni.

Njia ya kuizuia huonekana wazi mtu akiyajua maisha ya kupe huyu. Kupe jike aliyeshiba damu huanguka chini, hujificha katika majani, hutaga mayai maelfu kadhaa kwa mara moja, kisha hufa. Mayai huanguliwa vikupe vidogo kama punje za mchanga, vyenye miguu 6. Vikupe hivyo hupanda juu ya majani na kungoja. Mnyama akipita hujishika kwake, hunywa damu kwa siku chache, huanguka tena chini, hujivua ngozi na kuwa kupe wa makamo mwenye miguu 8. Huyu naye hungoja mnyama wa pili, hunywa, huanguka, hujivua ngozi, na kuwa kupe mkubwa, ambaye hungoja mnyama wa tatu. Kwa hiyo katika maisha yake kupe wa sikio hupanda juu ya wanyama watatu, na muda wake mwingi huupitisha chini, katika nyasi, asipoonekana na mtu. Kupe mkubwa mwenye njaa aweza kungoja katika nyasi zaidi ya mwaka mzima.

Yafaa kutambua jambo moja hapa. Kupe hazaliwi na ndigana, kwa maana ugonjwa haupiti katika mayai. Huupata kwa kunywa damu ya ng'ombe mwenye vijidudu akiwa mdogo au wa makamo, na huutoa anapokunywa kwa ng'ombe mwingine baada ya kujivua ngozi. Ng'ombe mmoja aliyeachwa na kupe masikioni mwake aweza basi kupanda ugonjwa katika malisho ya kijiji kizima, na watakaouvuna ni ng'ombe wa watu wengine, miezi kadhaa baadaye.

Jambo lingine ni kubwa zaidi, na wafugaji wengi hawajapata kuambiwa. Kupe mwenye ndigana akijishika kwa ng'ombe leo, haambukizi leo. Vijidudu vilivyo katika tezi za mate yake vimelala. Havikomai mpaka kupe anywe damu kwa siku kadhaa na mwili wake upate joto la ng'ombe. Kwa kawaida siku 3 hivi za kwanza hupita kabla mate yake hayajawa na sumu ya kutosha, na siku ya nne na ya tano ndizo za hatari kubwa. Kupe akifa au akiondolewa siku ya kwanza au ya pili, ng'ombe amepona hata kabla ya kuugua. Akiachwa mpaka ashibe na kuanguka mwenyewe, kazi yake amekwisha kuifanya. Mtu anayemtoa kupe aliyevimba kama kunde hufanya vema, maana humzuia asitage, lakini ajue kwamba kwa ng'ombe yule amechelewa.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo msingi wa josho. Watu huuliza kwa nini ng'ombe aogeshwe kila wiki, hata wakati ambapo kupe hawaonekani. Sababu ni kwamba dawa nzuri hukaa katika nywele za ng'ombe kwa siku chache baada ya kuogeshwa, na kupe wanaopanda siku hizo hufa. Dawa ikiisha nguvu, wale wanaopanda baadaye hukutwa na josho la wiki inayofuata kabla hawajamaliza siku zao za kukomaza ugonjwa. Wiki moja ikirukwa, mlango umefunguliwa. Wiki moja tu, kwa ajili ya mazishi, au soko, au kwa sababu mtunza josho hakuja, yatosha kumwua ng'ombe wa gredi ambaye ameogeshwa bila kukosa mwaka mzima. Mahali penye kupe wengi sana, hasa wakati wa mvua, hata siku 7 ni nyingi, na madaktari wa mifugo hushauri ng'ombe wapate dawa mara 2 kwa wiki.

Josho lenyewe lina adabu zake. Ng'ombe wanyweshwe maji na wapumzishwe kabla ya kuingia, ili wasinywe maji ya dawa kwa kiu. Wapitishwe kwanza katika maji ya kuoshea miguu, maana matope hula nguvu ya dawa. Kwa kuwa dawa hutuama chini usiku, ng'ombe wa kwanza wanaoogelea ndio wanaoikoroga, nao wenyewe hupata maji matupu. Basi hao warudishwe waingie mara ya pili. Kila ng'ombe atokaye huchukua maji mwilini mwake, kwa hiyo kina hupungua, na yule ajazaye maji bila kuongeza dawa kwa kipimo huwaogesha ng'ombe wa wenzake bure. Majosho mengi ya Kenya yalikabidhiwa kamati za wenyeji katika miaka ya 1990, na mengine yamekauka tangu wakati huo. Penye kamati inayoandika kila lita ya dawa katika daftari na kulisoma daftari hilo mbele ya wanachama, josho hudumu. Penye daftari lililofungwa kabatini, huwa ni shimo la kuogelea tu.

Mwenye ng'ombe wachache aweza kutumia pampu ya mkono nyumbani kwake, na hapo ndipo makosa huzidi. Kosa la kwanza ni ubahili wa dawa. Dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, kwa mfano, huchanganywa mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji, nayo ni dawa ya kufuata kipimo cha kibandiko chake, si cha kukisia kwa kifuniko cha chupa. Anayeipunguza haokoi fedha. Kupe walio dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa watoto wenye nguvu kama wao. Hivyo ndivyo kupe walivyoizoea dawa ya aseniki iliyotumiwa tangu siku za kwanza za majosho, kisha wakaizoea toksafini iliyoletwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na dawa nyingine zilizofuata. Kosa la pili ni uchache wa maji. Ng'ombe mkubwa hulowa kwa lita kadhaa, si kwa nusu lita. Ashikwe vizuri, apuliziwe nywele zikielekezwa juu, mpaka maji yachuruzike tumboni.

Kosa la tatu ndilo baya kupita yote, nalo ni kuisahau sehemu anayokaa kupe. Mtu hupuliza mgongo na mbavu, ambako kupe wa ndigana hakai, akaacha ndani ya sikio, ambako hukaa. Yampasa ashike sikio, alikunjue, na kupuliza pande zote kwa uangalifu, kisha afanye vivyo hivyo chini ya mkia, kiweleni na katikati ya mapaja. Kati ya siku za kupuliza, ndama achunguzwe masikio kila siku kwa vidole, na dawa ya mafuta ya kupe ipakwe humo. Kazi hii haichukui hata dakika 5, na mtoto aliyerudi shuleni aweza kuifanya akifundishwa kunawa mikono baadaye. Kazi ya kupuliza isifanywe mvua ikitaka kunyesha, wala kwenye jua kali la mchana.

Wako wanaodhani kwamba ng'ombe wa kufungiwa bandani, asiyekwenda malishoni, hawezi kupata ndigana. Ni kweli kwamba hatari yake ni ndogo. Lakini majani yaliyokatwa kando ya barabara, mahali wanapopita ng'ombe wa watu wengi, huletwa bandani pamoja na kupe waliokuwa wakingoja juu yake. Matete yaliyopandwa ndani ya shamba lenye ua ni salama zaidi kuliko majani ya kuokota.

Ikiwa pamoja na hayo yote ugonjwa umeingia, lililobaki ni kuutambua mapema. Tangu kupe alipoambukiza, siku 8 hadi 12 au zaidi hupita bila dalili yoyote. Dalili ya kwanza ni kuvimba kwa tezi iliyo chini ya sikio, na mara nyingi tezi ya mbele ya bega pia, ikawa ngumu kama yai chini ya ngozi. Kisha huja homa. Ng'ombe mzima huwa na joto la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Mwenye ndigana hupanda hadi 40, 41 na zaidi. Kwa siku mbili tatu za kwanza za homa aweza kuendelea kula, na hapo mwenye ng'ombe hudanganyika. Baadaye huacha kula, maziwa hukauka, macho hutoa machozi, huanza kukohoa na kupumua kwa taabu, na mwishowe mapafu hujaa maji na povu kumtoka puani. Aliyefika kwenye povu ni vigumu sana kuokolewa.

Kwa sababu hiyo kipimajoto ni chombo cha thamani kuliko jembe katika nyumba yenye ng'ombe wa gredi. Hutiwa katika njia ya haja kubwa, hushikiliwa dakika 2, na kusomwa. Anayempima ng'ombe wake kila amwonapo amenyong'onyea hupata siku 2 au 3 za kumtangulia mauti. Mtu wa mifugo akiitwa siku hiyo aweza kuchoma tezi kwa sindano, akaupaka ute wake juu ya kioo, na kuutazama kwa hadubini ili ajue hakika.

Kabla ya miaka ya 1980 hapakuwa na dawa ya kutegemewa ya kuponya ndigana. Daktari na mwenye ng'ombe walingoja pamoja. Sasa iko dawa iitwayo buparvakwoni, ambayo hudungwa katika msuli kwa kipimo cha uzito wa mnyama, na mara nyingi hurudiwa baada ya siku 2 au 3. Ikitumiwa mapema huponya ng'ombe wengi. Ni ghali, lakini bei yake ni ndogo mbele ya bei ya ng'ombe. Huzuni huja pale ambapo mwenye ng'ombe, akitaka kuokoa fedha, hununua dukani chupa ya oksitetrasaiklini, ile dawa ya rangi ya manjano inayouzwa kwa kila ugonjwa, akamdunga mgonjwa siku 3 mfululizo. Dawa hiyo haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili. Hupoteza zile siku chache ambazo dawa ya kweli ingefaa, na kisha watu husema kwamba sindano hazina maana. Vivyo hivyo desturi ya kale ya kuchoma tezi zilizovimba kwa chuma cha moto haimwui kijidudu, kwa kuwa kimekwisha kuenea katika mwili wote. Humtia mgonjwa maumivu juu ya maumivu, na kuharibu ngozi.

Iko pia chanjo, na asili yake ni hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliokuwa katika kituo cha Muguga, karibu na Kikuyu, waligundua njia ya kumpa ng'ombe ndigana kwa makusudi na kumkinga nayo kwa wakati huo huo. Kupe wenye vijidudu vya aina tatu husagwa, maji yake husafishwa na kugandishwa kwa baridi kali mno, na kipimo chake kidogo hudungwa kwa ng'ombe pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini kwa muda mrefu. Hapa ndipo dawa ile ya manjano inapofaa: ikitolewa siku ile ile vijidudu vinapoingia, huvizuia visishinde, na mwili wa ng'ombe hujifunza kupigana navyo. Ndama aliyechanjwa vizuri mara nyingi hukingwa kwa maisha yake yote. Wafugaji wa Kimaasai wa upande wa Tanzania ni miongoni mwa waliochanja ndama wengi zaidi kwa njia hiyo.

Chanjo hii haifai kufanywa na mtu asiyefundishwa. Huhifadhiwa ndani ya mtungi wa naitrojeni, na ikiisha kuyeyuka sharti itumiwe saa chache zile zile. Kijiti kimoja huwa na vipimo vya ng'ombe wengi, kwa hiyo majirani wenye ndama mmoja mmoja wapatane siku moja, wawakusanye mahali pamoja, na kugawana gharama. Baada ya kuchanjwa ndama huangaliwa kwa wiki 3 au 4, kwa maana wachache huugua kidogo na huhitaji kutibiwa. Tena chanjo haikingi kikamilifu mahali ambapo ng'ombe hulisha pamoja na nyati.

Aliyechanja asiliache josho kabisa. Kupe huleta pia ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo, na chanjo ya ndigana kali haizuii hata mmoja wa hao. Anachoruhusiwa, kwa shauri la mtu wa mifugo, ni kupunguza siku za kuogesha, na kwa wengi akiba hiyo hulipa gharama ya chanjo.

Limebaki jambo la kununua. Ng'ombe anayetoka katika nchi kavu isiyo na kupe wa sikio, hata akiwa wa kienyeji na mwenye nguvu, hana kinga yoyote, naye akiletwa penye kupe aweza kufa upesi kama wa gredi. Anayeuziwa na aulize ng'ombe alizaliwa wapi, kama amechanjwa na ana hereni ya chanjo sikioni, na josho lake la mwisho lilikuwa lini. Kisha amkunjue masikio kabla ya kutoa fedha. Akimfikisha nyumbani, amtie dawa siku hiyo hiyo, amtenge na wengine kwa muda wa wiki 3, na kumpima joto kila asubuhi.